Bwawa Lako Liko Kundi Gani?

Somo letu la mwezi huu ni juu ya mabwawa ya udongo, yale madogo yaliyomo katika mashamba ya watu wenyewe. Wakulima wengi wa skimu hufika ofisini kuuliza habari za maji ya bwawa: jinsi ya kunyweshea ng'ombe, jinsi ya kumwagilia kabichi na vitunguu, samaki gani wafugwe. Ni wachache sana wanaouliza habari za tuta lenyewe linalozuia maji hayo. Lakini ni tuta, wala si maji, litakaloamua kama bwawa ni baraka au ni msiba.

Wasomaji wetu wa Nakuru hawana haja ya kukumbushwa. Tarehe 9 Mei 2018, yapata saa mbili usiku, katika majira ya mvua kubwa, bwawa la udongo lililokuwa katika shamba la mtu binafsi huko Solai lilipasuka. Maji yaliteremka pamoja na matope, mawe na miti, yakapita juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 40 walikufa, na wengi wao walikuwa akina mama na watoto. Bwawa lile lilijengwa ili kuweka maji ya shamba, kama vile lako lilivyojengwa.

Basi mkulima mwenye bwawa yampasa ajue jambo moja kabla ya mengine yote: bwawa lake liko katika kundi gani la hatari.

KUNDI LA KARATASI

Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kazi ya kuangalia mito, visima na mabwawa iko mikononi mwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo watu wengi huiita WRA. Mtu hana ruhusa kuzuia kijito kwa tuta bila kibali cha Mamlaka hii, hata kama kijito kinapita katikati ya ploti yake na ana hati ya ardhi mkononi. Ardhi ni yako. Maji ya kijito si yako peke yako.

Kanuni za maji za mwaka 2007 ziligawa mabwawa katika makundi matatu, A, B na C. Kundi A, lenye hatari ndogo, lilikuwa la mabwawa ambayo kina cha maji hakifiki mita 5, maji yake hayafiki mita za ujazo 100,000, na eneo linalokusanya mvua yake halifiki kilomita za mraba 100. Kundi B, la hatari ya katikati, lilianzia mita 5 za kina hadi karibu mita 15, na maji ya mita za ujazo 100,000 hadi 1,000,000. Kundi C lilikuwa la mabwawa makubwa kuliko hayo. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2021. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, ulizeni katika ofisi ya Mamlaka iliyo karibu nanyi ni vipimo gani vinavyotumika.

Vipimo vya namna hii ni vizuri, kwa sababu vinamwambia mhandisi ukubwa wa kazi na vinamwambia mwenye bwawa aajiri mtu wa ujuzi gani. Karibu mabwawa yote ya mashamba ya skimu yangeingia katika kundi A. Mkulima akisikia hivyo hufurahi. "Hatari ndogo," husema, akaenda zake.

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa kilimo, na mwalimu huogopa neno moja linapobeba maana mbili. Neno "hatari" juu ya bwawa lina maana mbili ambazo watu huzichanganya. Maana ya kwanza ni ubovu: je, tuta hili linaelekea kuvunjika? Maana ya pili ni madhara: je, likivunjika, nani ataumia? Tuta laweza kuwa zima kabisa, limeota nyasi nzuri, na bado likawa bwawa la hatari kubwa kwa sababu chini yake pana shule. Na tuta laweza kuwa bovu, limejaa mashimo ya fuko, lakini likivunjika maji yataingia katika kinamasi kisicho na mtu, na hasara itakuwa ya mwenyewe tu.

Nchini Marekani mabwawa hupangwa kwa maana hii ya pili. Bwawa ambalo likivunjika huenda likaua hata mtu mmoja huwekwa katika kundi la hatari kubwa, liwe jipya au kuukuu, zima au bovu. Lile ambalo halitaua mtu lakini litaharibu barabara, mabomba na mali za watu huwekwa katikati. Lile ambalo hasara yake itamwangukia mwenyewe zaidi huwekwa chini. Afrika Kusini hutazama mambo mawili pamoja: kimo cha tuta, na idadi ya watu wanaoweza kufa. Huko bwawa linaloweza kuua zaidi ya watu kumi huhesabiwa kuwa lenye madhara makubwa, na tuta dogo haliachwi nje kwa kuwa dogo tu, mradi kimo chake kinazidi mita 5 na maji yake yanazidi mita za ujazo 50,000.

Kwa maoni yangu mkulima wa skimu yampasa ajipime kwa njia zote mbili. Kundi la karatasi atapewa na ofisi. Kundi la pili ajipatie mwenyewe, kwa miguu yake.

KUPIMA MAJI YALIYO NYUMA YA TUTA

Kwanza tujue tunazungumza juu ya mzigo gani. Kuna hesabu rahisi ambayo mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya. Pima urefu wa tuta kutoka ukingo hadi ukingo, pale maji yanapofika bwawa likijaa. Pima umbali ambao maji yanarudi nyuma, kutoka kwenye tuta hadi ncha yake ya mwisho juu ya bonde. Kisha tafuta kina kikubwa karibu na tuta. Usiingie majini kwa ajili ya kupima kina. Simama upande mkavu, pima kimo cha tuta kutoka chini, ondoa ile sehemu ya juu isiyofikiwa na maji, nawe utapata jibu la karibu. Zidisha vipimo hivi vitatu, kisha gawa kwa 6.

Tufanye mfano. Tuta lina mita 60, maji yanarudi nyuma mita 200, kina ni mita 4. Tukizidisha tunapata 48,000. Tukigawa kwa 6 tunapata mita za ujazo 8,000. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Basi nyuma ya tuta lile zimekaa tani 8,000, sawa na malori 800 ya tani kumi kumi yaliyoegeshwa mlimani bila breki, yakizuiwa na udongo tu. Kwa mitungi ya lita 20 ni mitungi 400,000. Hilo ni bwawa dogo. Kwa karatasi liko kundi A.

Mabwawa mengi ya zamani yamejaa tope nusu. Mwenyewe huona maji yamepungua akadhani hatari nayo imepungua. Hivyo sivyo. Bwawa lenye tope hujaa upesi mvua ikinyesha, maji ya ziada hutoka mara nyingi zaidi, na njia ya kuyatolea huliwa mwaka hata mwaka.

TEMBEA CHINI YA BWAWA LAKO

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Chukua daftari na kalamu, mchukue na kijana wako mmoja, mshuke kutoka kwenye tuta mkifuata kijito. Msiishie kwenye mpaka wa ploti yenu. Endeni kilomita mbili au tatu, au mpaka bonde lifunguke likawa pana sana. Andikeni kila kitu mnachokiona karibu na maji: nyumba, jiko, josho, shule ya watoto wadogo, kanisa, soko, kinu, kivuko, njia ya watoto wa shule, pampu ya jirani, bwawa jingine.

Mtaniuliza nyumba ipi iandikwe na ipi iachwe, maana nyingine ziko juu ya mteremko. Kwa usalama andikeni kila nyumba ambayo haikuinuka juu ya kijito zaidi ya kimo cha tuta lenu. Tuta likiwa na mita 5, nyumba iliyo mita 3 juu ya kijito iandikwe. Iliyo mita 12 juu iachwe. Mhandisi ana njia bora zaidi, lakini hii yatosha kumwonyesha mwenye bwawa mahali pa kutazama. Bwawa jingine likiwa chini yenu liwekeeni alama kubwa, kwa sababu la juu likivunjika hulivunja la chini, na maji ya yote mawili huteremka pamoja.

Kisha ulizeni swali la pili: nani hulala hapa? Kiosko ambacho hufungwa jioni si sawa na chumba chenye watoto wanne. Solai ilikuwa usiku. Huko Toccoa katika jimbo la Georgia, Marekani, tuta la udongo lenye kimo cha karibu futi 40, mali ya chuo cha Biblia, lilivunjika tarehe 6 Novemba 1977 kabla ya mapambazuko, likaua watu 39 waliokuwa wamelala bondeni chini yake. Maafa hayo ndiyo yaliyomfanya Rais Carter aamuru mabwawa ya watu binafsi yaliyo juu ya makao ya watu yakaguliwe nchi nzima. Mvua kubwa hunyesha usiku kama mchana, na usiku hakuna mtu anayetazama tuta.

Mkisha maliza daftari, kundi lenu la pili liko wazi. Ikiwa kuna hata nyumba moja ya kulala katika orodha, lihesabuni bwawa kuwa la hatari kubwa, hata karatasi iseme A.

BWAWA HALIKUONDOKA, KUNDI LIMEPANDA

Kuna jambo moja ambalo huwapata wakulima wa skimu kuliko wengine. Mabwawa mengi tuliyo nayo hayakujengwa nasi. Yalijengwa na walowezi zamani za ukoloni, katika mashamba ya maelfu ya ekari, kwa ajili ya ng'ombe. Wakati ule chini ya tuta palikuwa na malisho matupu, na tuta likivunjika lingeua ndama wachache. Tangu mwaka 1962 mashamba yale yakanunuliwa na kukatwa ploti katika ile skimu ya ekari milioni moja, na mengine baadaye yakanunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika. Mabwawa yakabaki pale pale. Mahali pa malisho pakawa ploti za watu, kila ploti na nyumba yake, na mara nyingi nyumba ilijengwa karibu na kijito kwa sababu mama hataki kubeba maji mbali.

Halafu ploti za kwanza nazo zikagawanywa. Baba mwenye ekari 15 na wana watano huwagawia ekari tatu tatu, na yule wa mwisho, ambaye sehemu nzuri za juu zimekwisha, hupewa pale bondeni chini ya tuta. Nimeona katika ramani za ofisi yetu mabwawa ambayo chini yake palikuwa peupe, na leo pana mabati mengi. Hakuna aliyeongeza hata karai moja la udongo juu ya tuta. Bwawa ni lile lile, lakini limetoka kundi la chini na kuingia kundi la juu kabisa, wala hakuna barua iliyoandikwa kumjulisha mwenyewe.

Kwa hiyo orodha ya daftari si kazi ya mara moja. Irudieni kila mwaka. Na wewe mzee unayetaka kumpa mwanao kiwanja, usimpe chini ya tuta lako. Afadhali ajenge juu kwa mawe na abebe maji kwa punda.

Jambo jingine la skimu ni lile la mwenyewe kutojulikana. Tuta liko katika ploti ya mtu mmoja, lakini wanaokunywa ni ishirini, na yule mmoja husema, "Si langu, ni la wote." Wale ishirini husema, "Liko kwake." Hivyo miaka kumi hupita bila mtu kufyeka. Kaeni chini pamoja, katika chama chenu cha watumiaji maji kama mnacho, mwandike ni nani atakagua na ni nani atatoa pesa. Tuta lisilo na mwenyewe lipasukapo halichagui shamba la kupita.

TUTA HUFA KWA NJIA MBILI

Matuta ya udongo huvunjika kwa namna mbili hasa. Ya kwanza ni maji kupita juu. Udongo hauvumilii maji yanayokimbia juu yake. Yakianza kupita mahali pamoja hukata shimo, shimo huvuta maji mengi zaidi, na baada ya saa chache, au chini ya hapo, tuta limefunguka mpaka chini. Ya pili ni maji kupita ndani. Hupenya katika mzizi uliooza, katika tundu la fuko, au kandokando ya bomba lililofukiwa bila kushindiliwa, yakabeba chembe za udongo kidogo kidogo, mpaka yamejichimbia njia kutoka upande wa maji hadi upande mkavu.

Juu ya namna ya kwanza, kitu cha kutazama kuliko vyote ni mfereji wa kutolea maji ya ziada. Mfereji huu ndio uhai wa bwawa. Uwe pembeni ya tuta, katika udongo mgumu ambao haukuchimbuliwa, uwe mpana, uwe na nyasi fupi, na usiwe na kitu chochote ndani yake. Nasema chochote. Wako wakulima ambao maji yakianza kutoka huziba mfereji kwa magunia ya mchanga ili wabakishe maji ya kiangazi. Wako ambao wameotesha nepia ndani yake kwa kuwa pana unyevu. Na wako wafugaji wa samaki ambao huweka wavu ili perege wasitoroke.

Juu ya wavu huo nitaeleza habari ya zamani, ijapokuwa bwawa lenyewe lilikuwa kubwa kuliko yetu. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilabu cha matajiri kilimiliki bwawa la udongo juu ya mji wa Johnstown, wakalijaza samaki wa kuvua. Waliweka wavu wa chuma katika njia ya maji ya ziada. Walishusha kichwa cha tuta kidogo ili magari ya farasi yapite. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameng'olewa na mwenyewe wa kabla yao, nao hawakuyarudisha. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikanyesha, wavu ukazibwa na takataka, maji yakapita juu ya tuta, na watu 2,209 wakafa. Hebu tazama mambo yale matatu: wavu wa samaki, barabara juu ya tuta, bomba lililong'olewa. Sidhani kuna lokesheni katika skimu zetu ambayo haina bwawa lenye moja kati ya hayo.

Barabara juu ya tuta hasa. Watu, ng'ombe, pikipiki na trekta hupita pale kwa sababu ndipo pa kuvukia. Kidogo kidogo katikati hubonyea. Ukisimama pembeni huoni, kwa macho tuta limenyooka. Lakini maji yakipanda yatapita pale palipobonyea kwanza, na yote yatapita pale pale. Chukua kamba na pima maji, vile vile tulivyopimia matuta ya kuzuia mmomonyoko shambani, upime kichwa cha tuta kutoka mwisho hadi mwisho. Palipobonyea pachimbuliwe kidogo, pajazwe udongo wenye unyevu kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ishindiliwe. Kutoka sakafu ya mfereji hadi kichwa cha tuta pawe na mita moja isiyopungua. Mabwawa mengi ya zamani nafasi hiyo imeliwa na kwato.

Juu ya namna ya pili, jifunze kutazama upande mkavu, hasa chini pale tuta linapokutana na ardhi. Kama miti imeota juu ya tuta ikiwa michanga, ing'oe sasa. Ikiwa mikubwa usiing'oe kabla ya kumwuliza mhandisi, maana shimo la mizizi laweza kuwa baya kuliko mti. Panda nyasi za kikuyu, yaani zile nyasi za kutambaa mnazozijua kwa majina yenu, si matete wala nepia, ili uweze kuona tundu likitokea. Zungushia ua, ng'ombe wanyweshwe chini kwa bomba na birika.

Ukiona mahali pana maji yanachuruzika, usiogope upesi wala usidharau. Matuta mengi hutoa maji kidogo. Weka mti pale, chukua mkebe, hesabu sekunde mpaka ujae, andika tarehe. Rudia baada ya juma moja. Maji yakiwa meupe na kiasi ni kile kile, endelea kuangalia na umjulishe mhandisi. Yakiongezeka huku bwawa halikuongezeka, hiyo ni dalili mbaya. Na yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, jua ya kwamba yanabeba tuta lako, na huna siku za kungoja.

Watu wengi wakiona maji machafu hukimbilia kuyaziba kwa udongo wa mfinyanzi pale yanapotokea. Msifanye hivyo. Maji yaliyozibwa upande mkavu hutafuta mahali pengine ndani ya tuta. Yafaa kuyaacha yatoke lakini kuzuia udongo usitoke nayo: mwaga mchanga safi wa mto, juu yake kokoto, juu yake mawe. Wakati huo huo punguzeni maji ya bwawa kwa bomba la chini au kwa mpira uliojazwa maji na kupitishwa juu ya tuta. Kamwe msikate mfereji katika tuta lenyewe. Udongo uliokatwa hauambiwi uishie wapi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa bwawa methali hii haitoshi, kwa sababu wewe utajenga ukuta, lakini jirani hatajenga watoto wake upya.

USIKU WA MVUA

Kama bwawa lako liko juu ya watu, pangeni mapema mambo ya usiku mmoja. Nani ataamka kutazama tuta mvua ikinyesha bila kukoma? Ataliangalia kutoka wapi, ili asije akawa juu ya tuta linapokwenda? Atampigia nani simu, na simu ikikosa mtandao atapuliza filimbi au atagonga reli ya shule? Watu wa bondeni watakimbilia kilima kipi? Wajue kupanda mteremko ulio upande wao, wasivuke kijito kwenda ng'ambo. Naibu wa Chifu awe na majina yao na namba zao. Dalili ya kuwaondoa watu ni mojawapo ya hizi: maji machafu yanatoka tutani, kichwa cha tuta kinashuka au kinapasuka, maji ndani ya bwawa yanazunguka kama yanayoingia tunduni, au yamefika futi moja kutoka kichwa cha tuta na bado yanapanda. Ondoeni watu kwanza. Mambo ya mchanga na mawe yaje baadaye, kama kuna wakati.

Kumbukeni vile vile ya kwamba tuta lolote laweza kuwa bwawa bila kuitwa bwawa. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji ya mvua yalikusanyika nyuma ya tuta la reli kwa sababu pito lililo chini yake liliziba kwa miti na matope. Yalipofunguka alfajiri yakaangamiza vijiji. Mkiwa na barabara ya udongo inayovuka bonde, na karavati moja dogo chini yake, itieni katika daftari pamoja na bwawa.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Fanyeni kazi hii Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu, maji yakiwa chini na tuta likionekana. Tumieni kurasa tatu za daftari. Katika ukurasa wa kwanza andikeni vipimo: urefu wa tuta, umbali wa maji kurudi nyuma, kina, na jibu la hesabu. Katika ukurasa wa pili andikeni orodha ya bondeni, na kando ya kila nyumba idadi ya wanaolala humo. Katika ukurasa wa tatu chorebeni tuta kama mlionavyo kutoka upande mkavu, mtie alama palipobonyea, penye tundu, penye mti na penye maji.

Pelekeni nakala katika ofisi ya Mamlaka ya bonde lenu. Wa Bonde la Ufa waende Nakuru. Wa Trans Nzoia na kaskazini ya Ziwa Victoria waende Kakamega. Wa kusini ya Ziwa waende Kisumu. Wa Tana, Embu. Wa Athi, Machakos. Wa Laikipia na kaskazini, Nanyuki. Ziko na ofisi ndogo karibu zaidi, nanyi mtaelekezwa. Ombeni mhandisi aje. Kama bwawa halina kibali, semeni hivyo wazi, kwa kuwa tuta lililofichwa haliwezi kukaguliwa. Juu ya barua andikeni jina la skimu, namba ya ploti, na idadi ya watu wanaolala chini ya tuta, ili anayefungua barua aione idadi hiyo kwanza.